Kuitafuta Hewa Katika Hori la Kilifi

Yoti hupenda hori la Kilifi kwa sababu lina kina, limeingia mbali bara, na mawimbi ya bahari kuu hayafiki ndani. Juu, malori ya Malindi hupita kwenye daraja lililofunguliwa mwaka 1991 na kuipumzisha feri. Upande wa kusini, juu ya genge, magofu ya Mnarani yamekaa kati ya mibuyu. Kuingia humu ni raha. Kutoka ndiyo kazi. Mlango wa hori unatazama mashariki, na msimu wa kaskazi upepo ule ule utakaompeleka nahodha Pemba humzuia kwanza asiupite mwamba. Matanga peke yake hayatoshi kwenye mlango kama huo, kwa hiyo mtambo unaogoma kuwaka si usumbufu mdogo. Ni chombo kutupwa mwambani.

Yoti niliyopanda ilikuwa ya mlingoti mmoja, na mtambo wake wa dizeli wa silinda mbili ulifichwa chini ya ngazi ya kushukia chumbani. Nahodha wake ni kijana wa Takaungu. Alikuwa amemwita fundi mzee, mtu wa mikono mizito na sauti ndogo, ambaye alipopanda hakufungua kisanduku cha spana. Aliketi, akaitikia shikamoo, akauliza.

"Mwanangu, ukipiga stata yazunguka kwa nguvu au yajikokota?"

"Yazunguka vizuri, Mzee. Jioni ikishatembea yawaka mara moja. Asubuhi ndipo yagoma."

"Na moshi?"

"Moshi hakuna. Nikikazana sana yawaka, yatoa mweupe kidogo, kisha yazima."

Naamini nusu ya kazi iliishia hapo. Tangu Rudolf Diesel alipofanikiwa na mtambo wake huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, kanuni haijabadilika: hakuna plagi ya cheche. Pistoni huibana hewa mpaka ibaki karibu sehemu moja ya ishirini ya ujazo wake, joto hupita digrii 500 za Selsiasi, na dizeli inayonyunyizwa na nozeli hushika moto yenyewe. Stata ikijikokota, joto hilo humezwa na kuta za silinda kabla halijatosha. Stata ikiwa na nguvu, utazame moshi. Mweupe ni dizeli iliyofika bila kuungua, mweusi ni dizeli iliyozidi hewa, wa samawati ni oili. Pasipo moshi kabisa, dizeli haijafika.

Hata hivyo fundi hakuruka hatua. Aliipima betri: volti 12.6 ikiwa imetulia, na stata ilipozunguka haikushuka chini ya 10. Alihakikisha waya wa kuzimia umerudishwa ndani, maana waya huo ukisahaulika umevutwa, mtambo hauwaki hata uzungushwe mpaka jioni. Kisha akafunga valvu ya maji ya bahari.

Hapa nahodha yeyote asome polepole. Mtambo wa yoti hupoozwa kwa maji ya bahari, na maji hayo hutolewa kupitia bomba la moshi. Ukiwaka, moshi huyasukuma nje. Usipowaka, pampu huendelea kuyavuta kila stata inapozunguka, nayo hujaa kwenye bomba mpaka yarudi ndani ya silinda. Maji hayabaniki. Pistoni ikiyagonga, kasoro ya asubuhi moja inageuka kuwa mtambo wa kununua upya. Kwa hiyo valvu hufungwa unapozungusha kwa muda mrefu, na hufunguliwa papo hapo mtambo ukiwaka, kwa sababu pangaboi la mpira ndani ya pampu halivumilii kuzunguka kavu.

Ndipo spana ikatoka. Kwenye kikombe cha kioo chini ya filta palikuwa na maji, na juu yake utando mweusi: vijidudu vinavyoishi pale maji na dizeli vinapokutana. Fundi alimwaga vyote, akaweka filta mpya, akalegeza skrubu ya kutolea hewa na kuanza kupampu kwa kidole. Wenzo wa pampu ulikuwa umelala, hauna uzito, akazungusha shafti nusu mzunguko ndipo ukashika. Povu likatoka. Akaendelea kupampu, na povu halikwisha.

"Inakula hewa," alisema.

Hewa hubonyea. Kipovu kikinasa njiani, pampu ya nozeli hukibana chenyewe badala ya kuisukuma dizeli. Na tundu la upande wa kuvuta halivuji kitu nje. Ni kama mrija wa dafu uliopasuka, unanyonya upepo huku mkono wako umekauka. Usiku kucha hewa ilikuwa ikiingia kupitia tundu hilo na dizeli ikirudi tangini. Fundi alichomoa bomba la tangi, akaunga mpira mpya kutoka kidumu cha dizeli safi moja kwa moja hadi kwenye pampu, akatoa hewa tena mpaka kwenye nati za nozeli. Stata ikaguswa, mtambo ukanguruma. Nahodha alifungua valvu na kuinama tezi mpaka alipoona maji yakitoka pamoja na moshi.

Basi kosa lilikuwa kati ya tangi na pampu. Walilipata chini ya klipu: mpira wa zamani umepasuka, ufa mwembamba usioonekana mpaka uukunje. Kipande kilikatwa, klipu mpya zikafungwa.

Nahodha alitaka kung'oa nanga kesho yake. Fundi alikataa, nami nilimuunga mkono. Nje ya mwamba bahari hulitikisa tangi, uchafu wa chini hupanda, na filta mpya ingeziba pale pale mlangoni. Safari ya Pemba ikaahirishwa. Alasiri walianza kunyonya dizeli ya chini ya tangi kwa pampu ya mkono, na ndoo ya kwanza ilikuwa karibu nusu maji.