Jumamosi tatu na hesabu za chama cha akiba

Niliahidi kwamba safari hii ningeendelea na mjadala wa mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Naomba radhi, nitaurudia. Leo nataka kuzungumzia jambo ambalo wengi wenu mtaliona dogo, na ambalo mimi mwenyewe kwa miaka mingi nililihesabu kuwa ni burudani ya vijana wa kompyuta: kikundi chetu cha watumiaji wa programu huria, na kile kilichotukuta hivi karibuni.

Tunakutana Jumamosi ya tatu ya kila mwezi, saa nne asubuhi, katika darasa lenye feni nne ambazo moja tu ndiyo inayozunguka. Hatuna katiba, usajili wala akaunti ya benki. Projekta tunaazima, na kila mtu huja na waya wake wa umeme. Wakija watu ishirini tunasema mkutano umefana. Mwezi Juni tulikuwa saba, na wawili kati ya hao walikuwa wamekosea chumba.

Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nafundisha utawala wa umma. Nilifikishwa huko na msiba wangu binafsi. Mwaka 2011, nikiandika tasnifu ya uzamivu, nilikuwa nikitumia Windows ya wizi niliyoinunua Kariakoo kwa bei ya sahani ya chipsi. Siku moja mafaili yote ya flashi yaligeuka kuwa njia za mkato zisizofika popote. Virusi. Sura mbili na mahojiano ya miezi mitano hayaonekani. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, ambaye hata sikuwa namfundisha, aliniamkia, akaichukua kompyuta yangu, akatia ndani diski ya Ubuntu, na baada ya dakika kumi mafaili yangu yakawa mbele yangu, mazima. Nilipomuuliza anadai kiasi gani, alicheka. Akaniambia, "Dokta, hata mimi nilipewa bure."

Kwa asiyejua, programu huria ni ile ambayo msimbo chanzo wake, yaani maandishi aliyoyaandika mtunzi ili kuielekeza kompyuta, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadili na kuwagawia wengine. Fundi cherehani mmoja anakushonea gauni na kukukabidhi pia karatasi aliyokatia kitambaa. Mwingine anakupa gauni tu, na likichanika ni lazima urudi kwake, kwa bei atakayoitaka siku hiyo. Richard Stallman alitangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983, Linus Torvalds akatoa Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi nchini Finland, na Ubuntu iliyoniokoa mimi ilitoka mwaka 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Mwaka huohuo wa 2004, hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi: hawakuhitaji kumpigia magoti mtu yeyote ili waruhusiwe kutafsiri.

Sasa nije kwenye kisa.

Mwezi Julai alikuja mama mmoja, mtu mzima, mhasibu wa chama cha akiba na mikopo cha watumishi. Alikuwa amefunga kompyuta nzima katika khanga, kama mtu anayempeleka mtoto kliniki. Chama chake kilinunua programu ya kutunza hesabu za wanachama. Leseni yake ilifungwa kwenye mashine ile ile moja. Mashine ilikufa kwa hitilafu ya umeme. Aliyewauzia programu alikuwa ameshafunga ofisi, na namba yake ya simu haikupatikana tena. Hisa, akiba na mikopo ya wanachama zaidi ya mia sita zilikuwa ndani ya diski ya mashine hiyo, na hakukuwa na mlango wa kuingilia. Mwenyekiti wa chama alikuwa ameanza kusema maneno ya pembeni, kwamba huenda mama yule anajua zaidi ya anavyosema. Alitueleza hayo kwa sauti ya chini sana, akitazama sakafu. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu kustaafu.

Kabla ya kugusa chochote tulimwomba barua ya bodi ya chama. Nililisisitiza hilo mimi, na vijana wakaniona mzee wa urasimu. Lakini tangu ipite Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, huwezi kumwaga mezani madeni ya watu mia sita eti kwa kuwa una nia njema. Barua ilikuja baada ya siku nne, ikiwa na mhuri na masharti, na tukakubaliana kwamba hakuna nakala itakayotoka nje ya chumba kile.

Jumamosi ya kwanza vijana walikuta jambo lililowachekesha na kuniudhi. Chini ya programu ile iliyofungwa kwa leseni na funguo kulikuwa na hifadhidata ya MySQL, ambayo ni huria. Muuzaji alikuwa amechukua kitu cha bure, akajenga kibanda juu yake, akafunga kibanda kwa kufuli. Sina ugomvi na biashara hiyo. Leseni zinaruhusu mengi. Nachosema ni kwamba kufuli lilikuwa mlangoni tu. Walinakili kabrasha la data, wakaliweka kwenye kompyuta ya Linux, wakaliwasha, na majedwali yakafunguka.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu majedwali hayakuwa na majina ya maana. Safu zilikuwa na herufi na namba ambazo alizijua mtunzi peke yake. Ipi ni akiba, ipi ni riba, ipi ni marejesho? Vijana wangu wenye shahada walibaki wakitazamana. Aliyetufungulia ni mama. Jumamosi ya pili alikuja na vitabu vya wanachama kumi waliokubali kumwazima. Akasoma: mwanachama huyu Machi aliweka elfu arobaini. Kijana anatafuta elfu arobaini. Ipo, safu ya sita. Huyu alikopa laki nane, akarejesha kwa miezi kumi. Ipo. Mwanachama wa nne alipofikiwa, mama alikuwa hasomi tena kitabu. Alikuwa anakumbuka kwa kichwa. Nimekaa kwenye semina nyingi za "uchumi wa kidijitali", zenye mabango na mikoba ya bure. Sijawahi kuona kitu kilichonifundisha kama saa tatu zile.

Jumamosi ya tatu hesabu zilitoka, katika jedwali ambalo programu yoyote ya hesabu inaweza kulifungua. Kulikuwa na pengo la wiki za mwisho kabla mashine kufa, na hilo alilijaza yeye kutoka kwenye stakabadhi za karatasi. Jumla ya akiba ikalingana na taarifa ya benki. Mama alikaa kimya kwa muda, kisha akaomba maji ya kunywa.

Ningependa kisa kiishie hapo. Hakikuishia. Tulimshauri ahamie kwenye programu huria ya hesabu, na vijana wawili wakajitolea kuwafundisha watumishi wake. Bodi ilikataa. Ikanunua tena programu iliyofungwa, kutoka kwa muuzaji mwingine aliyekuja amevaa tai, na ankara kifani, na risiti ya mashine. Niliposikia nilikasirika, kisha nikajiuliza: ningekuwa mjumbe wa bodi ile, ningempa nani kazi hiyo? Sisi hatuna risiti, mkataba, wala mtu wa kupigiwa simu Jumatatu mfumo ukigoma. Mwanachama mmoja wa kikundi chetu anapopata ajira Dodoma, robo ya ujuzi wetu inapanda basi pamoja naye.

Udhaifu huu si wetu peke yetu. Mwezi Machi 2024 dunia nzima ilinusurika kwa tundu la sindano. Ndani ya programu ndogo iitwayo XZ, inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, mtu alikuwa amepandikiza mlango wa siri. Aligunduliwa na mhandisi mmoja, Andres Freund, aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Wapenzi wa programu huria husimulia habari hiyo kama ushindi wa macho mengi, na ni kweli, asingeweza kuufuatilia msimbo kama ungekuwa umefichwa. Lakini nusu ya pili ya habari hatupendi kuisimulia: mhalifu alipata nafasi kwa sababu programu ile ilitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea aliyechoka, na aliyejitokeza kumsaidia, kwa upole na subira ya zaidi ya miaka miwili, ndiye aliyekuwa adui. Tulilijadili suala hilo katika darasa letu la feni moja, na hakuna aliyecheka.

Huko Ujerumani, jiji la Munich liliamua mwaka 2003 kuhamishia kompyuta zake kwenye Linux, takriban 15,000, na mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurudi Windows. Wapo wanaolitaja kama ushahidi kwamba mambo haya hayawezekani serikalini. Mimi nawaelekeza kwenye wizara yetu ya afya, ambako takwimu za vituo hukusanywa kwa DHIS2, mfumo huria uliochipuka Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika katika nchi nyingi za Afrika. Haukusimama kwa sababu ni wa bure. Umesimama kwa sababu kuna watu waliofundishwa na wanaolipwa kuutunza.

Kuna jambo moja nililoliacha kwa makusudi, na sina budi kuliandika. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa timu ya tathmini ya zabuni ya mfumo wa kumbukumbu, katika taasisi ambayo sitaitaja. Nilisoma nyaraka zote. Niliona kwamba hakuna mahali mzabuni anapolazimika kutukabidhi taarifa zetu, katika muundo unaosomeka, siku tutakapoachana naye. Niliona, sikuuliza. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni, posho ilikuwa imeshasainiwa, na mwenyekiti alikuwa anatazama saa. Nikasaini. Leo taasisi hiyo hulipia hata kupata orodha ya majina kutoka kwenye kumbukumbu zake yenyewe. Nilipokuwa namtazama mama yule akisoma vitabu vya wanachama, sahihi yangu ilinijia machoni.

Nimeandika barua kwa taasisi hiyo nikipendekeza kipengele cha kukabidhi data kiingizwe mkataba utakapohuishwa. Wiki ya sita sasa, sijajibiwa. Mama yeye amefanikiwa zaidi. Alinipigia simu: kabla bodi haijasaini na muuzaji wa tai, alisimama mkutanoni akadai kila mwisho wa mwezi apewe nakala ya hesabu zote katika jedwali la kawaida, na safu ziwe na majina ya Kiswahili. Muuzaji alisema haiwezekani. Mama akamjibu kwamba anawajua vijana walioiweza. Imeandikwa kwenye mkataba, kipengele cha tisa.

Jumamosi ijayo tunakutana kama kawaida. Tangu 14 Oktoba 2025 Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, wanafunzi wengi wameambiwa kompyuta zao ni chuma chakavu. Waje nazo, tutazijaribu na Linux moja baada ya nyingine. Njoo na flashi tupu, na hakikisha umenakili mafaili yako kwanza. Mama ameahidi kuja. Ana swali kuhusu kipengele cha tisa.