Mfarika

Siku ya kuhanda ithigi ya dada yangu, kazi ya kutafsiri niliangushiwa mimi. Wageni walitoka Mombasa, Kiswahili cha wazee wetu wa Tetu ni cha sokoni, na mimi ndiye niliyewahi kukaa chuo kikuu kidogo kabla ya karo kuisha. Basi nikawa mtaalamu.

Mambo yalienda sawa hadi guka akataja mwati na harika. Kwetu mahari haihesabiwi kabla hao wawili hawajatolewa. Mwati ni kondoo jike mchanga, harika ni mbuzi jike mchanga, na wote wawe hawajawahi kuzaa. Siku hizi huja wakiwa noti ndani ya bahasha, lakini majina ni yale yale.

Dada yangu ana mtoto wa miaka minne. Alikuwa pale pale uani, anakimbiza kuku.

Nikasema, "Wazee wanaomba kondoo mmoja na mbuzi mmoja." Hiyo ya kutozaa nikaimeza.

Ami yake bwana harusi, mzee mpole wa kofia, akaniuliza: "Mbuzi yupi, mwanangu? Aliyezaa, au mfarika?"

Neno hilo sikuwa nimewahi kulisikia, ila sikio la Mkikuyu halikuhitaji kamusi. Guka naye akalidaka. "Ii, harika!" Akacheka kama aliyekutana na jamaa aliyepotea. Mimi nikabaki nikiangalia viatu vya dada yangu.

Usiku nikafungua kamusi. Mfarika: mbuzi au kondoo jike aliyekua lakini hajazaa. Nikataka sana yawe maneno ndugu. Lakini tangu Carl Meinhof achapishe kazi yake juu ya sauti za lugha za Kibantu, 1899, undugu wa maneno hauamuliwi kwa kufanana sura. Panapo p ya Kiswahili, Gikuyu huweka h: pona ni hona, panda ni handa, hiyo hiyo ya kuhanda ithigi, kupanda tawi. Kwa hesabu hiyo, mwenzake harika angekuwa mparika. Hiyo f inaharibu hesabu. Neno lisilofuata kanuni mara nyingi limeingia nyumbani kwa mlango mwingine. Mbuzi huuzwa kwa majirani, na jina lake humfuata kamba shingoni. Mimi naona hawa ni wakwe, si ndugu.

Asubuhi nilimkuta dada akimenya viazi.

"Jana ulificha nini?"

"Niliona utaaibika mbele ya wageni."

"Wageni gani? Yule mzee ndiye alimnunulia mtoto yunifomu ya shule." Hakuinua macho. "Mwenye aibu ulikuwa wewe."

Akanisogezea karai na kisu cha pili.