Mikoko ya Chwaka Juu ya Ubao

Anayechapa picha kwa ubao hachongi mti, anachonga mwanga uliopita kati ya miti. Pale patasi ya bobari inapopita, wino hautashika, na karatasi itabaki nyeupe. Pale nilipoacha kuchonga ndipo patakapotoka peusi. Kazi yote ni kuamua nini kiondoke, na sijaona mahali panapofundisha uamuzi huo vizuri kuliko mikoko ya Ghuba ya Chwaka, upande wa mashariki wa Unguja. Ndani ya mizizi ile, nafasi tupu ndiyo inayokuonyesha umbo la mzizi.

Ukiutazama msitu huu kutoka barabarani utaona ukuta wa kijani tu. Vua viatu, ushuke maji yakiwa yamekupwa, na ukuta utafunguka. Mkoko wenyewe umesimama juu ya mizizi inayojipinda kutoka kwenye shina hadi topeni. Mchu hauna mizizi ya namna hiyo. Wenyewe huchomoza vijiti vyembamba vilivyosimama wima, mamia kwa mamia, maana tope lile halina hewa na mti lazima uipate juu. Mlilana, unaokaa mbele kabisa ukikabili bahari, vijiti vyake ni vinene na vimechongoka. Msinzi hupinda mizizi yake mfano wa goti, ikazama, ikaibuka tena mbele. Lamba jani la mchu utaonja chumvi, kwa kuwa mti huu huitoa chumvi ya bahari kupitia majani yake, na jua likiwa kali chembe zake huonekana zikimetameta.

Picha nyingi za mikoko huchanganya yote hayo kuwa mti mmoja usio na jina. Naliona jambo hilo kuwa hasara kubwa, kwa mchoraji na kwa mti.

Saa zangu za kazi hupangwa na bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa Unguja hukaribia mita 4, na hapo ndipo mtu anaweza kuingia ndani hasa, akakaa, akachora. Wakati wa maji mafu nabaki nyumbani kunoa patasi na kuchonga.

Topeni siendi na penseli. Penseli humruhusu mtu kusitasita, akajificha kwenye kijivu, na ubao hauna kijivu. Nachukua brashi moja na wino mweusi, ili uamuzi wa kipi cheusi na kipi cheupe niufanye palepale, mti ukiwa mbele yangu na kaa wakiwa wametoka mashimoni. Dume la yule kaa mdogo mwenye gando moja kubwa hulinyanyua na kulishusha bila kuchoka. Ukitulia kwa muda, husahau kwamba upo.

Mbao zangu ni za mwembe, masalio ya mafundi wa mitumbwi, ambayo nayakausha kivulini kwanza. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli. Nampenda kwa hilo, kwamba hakungoja vifaa vije kutoka ng'ambo. Mwembe una mishipa iliyo wazi, na ukiupaka wino mishipa ile hujichapa yenyewe kwenye sehemu nyeusi. Kwa hiyo naulaza ubao mishipa ikiwa ya mlalo, na pale penye maji sichongi kabisa. Mti wa nchi kavu unanifanyia mawimbi madogo ya ghuba.

Kabla ya kuchonga lazima picha igeuzwe, maana chapa hutoka kinyume. Nisipoigeuza, bahari itakaa upande wa bara, na mtu wa Chwaka atashangaa. Sina mashine ya kuchapia. Napaka wino kwa rola, nalaza karatasi, kisha nasugua mgongo wake kwa kifuu cha nazi kilicholainishwa, nikiusikiliza mkono unavyoteleza. Msimu wa masika wino hauharakishwi. Hewa imejaa maji, na karatasi zikipangwa zikiwa na unyevu hushika koga.

Rangi nyingine hutoka mlemle mikokoni. Ganda la mkandaa, mti mwingine wa msitu huu, likichemshwa hutoa rangi nyekundu ya hudhurungi, ile iliyotumika tangu zamani kutia rangi na kutengenezea ngozi za wanyama. Sibambui mti ulio hai, naokota ganda la ulioanguka. Nikitia ndani yake siki iliyolazwa misumari yenye kutu, rangi ile hugeuka papo hapo kuwa nyeusi ya tope. Naipaka kwa brashi pana juu ya karatasi kabla ya kuchapa, na hapo mchoro na chapa hukutana kwenye kazi moja.

Mzee mmoja wa kijijini, aliyekuwa mkata boriti enzi za ujana wake, hupita kibarazani ninapoanika karatasi. Shikamoo yangu huiitikia akiwa ameshainama. Hasemi kama picha ni nzuri. Huweka kidole kwenye mizizi iliyoshikwa na chaza na kusema, "Mwanangu, maji haya yanatoka." Ameliona kwa sababu juu ya usawa wa maji nimeacha kipande cha mzizi kikiwa cheusi tii, bado kimelowa, na juu yake nimekwaruza kwa ncha ya kisu pale palipokauka. Mbele ya jicho hilo siwezi kubuni mzizi. Boriti walizokata watu kama yeye ndizo zilizobeba dari za Mji Mkongwe, na urefu wake ndio uliofanya vyumba vya kule viwe vyembamba. Nyingine zilipakiwa majahazini zikaenda na kusi hadi Oman na Ghuba ya Uajemi. Tangu mwaka 2004 sehemu ya msitu huu imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, nami nashukuru.

Sasa nashughulika na mkomafi, nao ni mti wa mikokoni. Ganda lake hubanduka vipande vipande, chini yake pakaonekana rangi nyingine iliyopauka, na brashi ya wino peke yake haitoshi. Nimeanza kwa kuuchora kwa rangi za maji, shina tu na ile mizizi yake mipana inayotambaa juu ya tope. Nadhani picha yake itahitaji mbao tatu, moja kwa kila rangi, na ile ya mwisho itachongwa kidogo sana.