Nilivyojifunza Kumpisha Mtoto

Nilipopata nafasi ya mafunzo tarajali katika shule ya Montessori mjini Nakuru, Kenya, nilikuwa tayari nafundisha darasa la awali Mwanza, upande wa Igoma. Watoto wangu waliimba herufi kwa sauti moja, wakanakili kutoka ubaoni, wakaleta madaftari mezani, nami nikaweka vema au kosa kwa kalamu nyekundu. Ndivyo nilivyofundishwa mimi, na ndivyo walivyofundishwa walimu wangu. Natoa ushuhuda huu kwa sababu nilirudi nikiwa mwalimu mwingine, na ninatamani walimu na wazazi wa Kanda ya Ziwa wajue kilichonibadilisha.

Njia ya kwenda huko watu wa Mwanza wanaijua: Magu, Bunda, Tarime, unavuka mpaka pale Sirari, kisha Kisii na Kericho hadi Nakuru. Mji ule uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi watoto huingia darasani na masweta. Darasani hamkuwa na meza ya mwalimu mbele. Watoto wa miaka mitatu hadi sita walikaa pamoja. Kila mmoja alichagua kazi kwenye rafu, akatandika mkeka wake, akafanya, akarudisha kifaa mahali pake ndipo akachukua kingine. Asubuhi ilikwenda hivyo kwa karibu saa tatu, bila kengele ya kuwakatiza. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukaa pembeni na daftari, nitazame na kuandika ninachokiona.

Mtoto mmoja wa kiume, wa miaka kama minne, alikuwa na gogo la mbao lenye matundu kumi, na vipande kumi vya mviringo vyenye vishikio juu. Vinazidiana unene, kila kimoja na tundu lake. Alivitoa vyote, akavichanganya, akaanza kuvirudisha. Kimoja chembamba akakitia kwenye tundu pana, naye akaendelea. Mwishoni akabaki na kinene mkononi na tundu jembamba mbele yake. Akakisukuma, kikagoma. Nikanyoosha mkono.

“Ticha, wacha nifanye,” akasema bila kuniangalia.

Akapitisha kidole juu ya vile vilivyokwisha kuingia, akakigundua kile kilichokuwa kinachezacheza, akakitoa, akapanga upya. Alipomaliza hakumtafuta mtu wa kumpongeza. Alivitoa tena vyote, akaanza mwanzo.

Hakuna aliyemwambia amekosea. Kifaa kilimwambia, na kikampa nafasi ya kusahihisha. Maria Montessori, daktari wa Kitaliano aliyeasisi njia hii, aliviandaa vifaa vyake hivyo makusudi, na ameeleza jinsi mtoto wa kike wa miaka kama mitatu alivyorudia kazi hiyohiyo zaidi ya mara 40. Nikawaza watoto wangu wa Mwanza. Wangapi walikuwa wanaacha daftari tupu kwa kuogopa kalamu nyekundu? Wangapi, katika shule zetu, wamejifunza kunyamaza kwa sababu jibu lisilo sahihi huleta fimbo au kicheko? Mtoto anayeogopa kukosea hajaribu, na asiyejaribu hajifunzi.

Kwetu ukitaja Montessori, wengi hufikiria shule za wenye nacho, za ada kubwa na Kiingereza. Historia yake ni nyingine kabisa. Nyumba ya Watoto ya kwanza ilifunguliwa Januari 6, 1907, San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma, kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao, vibarua, walishinda kazini. Na hapohapo Nakuru kuna Corner of Hope, shule za Montessori zilizoanzia kwa familia zilizopoteza makazi katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Hapa nchini pia, masista wa Lushoto wameandaa walimu wa Montessori kwa miaka mingi. Nilipoyajua haya sikuwa tena na sababu ya kusema njia hii si ya watoto wetu.

Niliporudi nilianza na nilichokuwa nacho. Fundi seremala wa mtaani alinichongea vijiti na vipande vya mbao. Msasa nilinunua duka la vifaa vya ujenzi, nikakata herufi na kuzibandika kwenye vibao. Mtoto huzipapasa kwa vidole viwili huku akitamka sauti. Hapa Kiswahili kinatubeba, maana kinasomeka kama kinavyoandikwa: akishashika irabu tano na konsonanti chache, mtoto anajiundia mwenyewe mama, samaki, dagaa. Mchanga wa ziwani tuliuosha, tukauchekecha, tukautia kwenye masinia. Mtoto huandika kwa kidole, na akikosea hutikisa sinia akaandika upya.

Mwongozo wa serikali unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Darasa langu limezidi sana hapo, kwa hiyo nawagawa: kundi moja mikekani barazani, jingine chini ya mti, jingine na mimi, na akina mama huja kwa zamu kunisaidia. Vifaa bado havitoshi. Lakini kuna binti, mtoto wa muuza dagaa wa soko la Mwaloni, ambaye zamani hakufungua kinywa. Sasa hupanga vijiti vyake kuanzia kifupi hadi kirefu, na mpangilio ukikataa haangalii uso wangu. Anaangalia vijiti.

Mzazi mwenzangu, mtoto akitaka kufunga kamba za viatu mwenyewe, amka mapema kidogo umpe muda huo. Mwalimu mwenzangu, kabla hujamsahihisha mtoto, ngoja uone kama atajisahihisha. Na ninyi maofisa elimu mnaotukagua, msipime darasa la awali kwa kurasa zilizojazwa. Kaeni nasi asubuhi moja, mtazame watoto wanavyofanya kazi. Watoto wa vibarua wa Roma waliweza, na watoto wa waliofukuzwa makwao Kenya waliweza. Watoto wa wavuvi na mamantilie wa Mwanza wanaweza pia, na wanastahili kupewa nafasi hiyo sasa, wakiwa bado wadogo.