Sari ya Pindo la Buluu

Leso ya pwani yetu husema kwa maneno yaliyopigwa chapa juu yake, na mwenye macho husoma. Sari ninayotaka kukueleza, msomaji, haina herufi hata moja. Ni pamba nyeupe yenye milia mitatu ya buluu pindoni, miwili myembamba na mmoja mpana, nayo yajulikana duniani kuliko mavazi mengi ya malkia.

Aliyeichagua ni Mama Teresa, aliyezaliwa Skopje mwaka 1910, akaenda Bara Hindi akiwa bado kijana, akafundisha wasichana katika shule ya watawa mjini Calcutta, mji ambao siku hizi huitwa Kolkata. Mwaka 1948 alipata ruhusa ya kutoka katika nyumba ya watawa ili akaishi na maskini. Alivua kanzu yake ya kitawa, akavaa sari ya bei rahisi, ya namna iliyovaliwa na wanawake mafukara wa mji ule. Fikiri jambo hilo lilivyokuwa! Utawala wa Waingereza ulikuwa umeondoka mwaka mmoja tu nyuma, na hapa palikuwa na mwanamke wa Ulaya akipita vichochoroni katika vazi la mafukara. Vazi hilo hakuliacha tena. Mwaka 1979 alipoitwa Oslo kupokea Tuzo ya Amani ya Nobel, alisimama mbele ya wakubwa katika sari ile ile, na karamu ya heshima aliomba isifanywe, fedha zake wapewe maskini.

Nimewaona watawa wa shirika lake mjini Nairobi, na kila mara jicho langu hukimbilia lile pindo. Lakini kinachonishika zaidi ni habari ya wafumaji. Huko Titagarh, kaskazini ya Kolkata, kando ya reli, yako makao ya wagonjwa wa ukoma yaitwayo Gandhiji Prem Nivas. Humo watu waliopatwa na ukoma huketi penye vitanda vya mfumi, wengine wakiwa wamepoteza vidole, wakapitisha mshindio katika mtande. Na sari watokazo nazo ndizo wazivaazo watawa. Ukoma una dawa, nao huponyeka kabisa. Hofu yake haiponi upesi hivyo. Wako watu wengi ambao hawangepokea hata kikombe cha maji katika mkono wenye makovu ya ukoma, ilhali mtawa huivaa kazi ya mkono huo tangu kichwani hata miguuni.

Mwaka 2016, mwaka ule ule Mama Teresa alipotangazwa mtakatifu, milia ile iliandikishwa India kuwa alama ya biashara ya shirika lake, mtu mwingine asiitumie kwa faida yake. Wako wanaolaumu. Husema kwamba sari hiyo ilitoka kwa maskini, na maskini hawakumwandikia mtu hati. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo mimi nawaunga mkono watawa. Mbunifu wa mavazi aweza kuichora milia ile kwa dakika tano, akaipeleka jukwaani, ikapigiwa makofi na kuuzwa ghali kwa jina la huruma. Ningekuwa miongoni mwa watazamaji, ningemwuliza neno moja tu: nguo hii imefumwa na nani, naye amelipwa nini?