Tangi la Marehemu Baba

Mama alipomaliza eda yake Mombasa, miezi minne na siku kumi, tulimleta hapa Voi akae nasi. Alikuja na sanduku la nguo, msahafu wake, na tangi la samaki la marehemu Baba, Allah amrehemu. Vingine vyote alikwisha kuvigawa. Tangi hilo la kioo, la lita 120, lilisafiri tupu nyuma ya gari kwa kilomita 150, mawe yake yamefunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa. Samaki walisafiri ndani ya ndoo mapajani mwa wanangu: wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na kitatange mmoja mwenye hasira. Mume wangu alicheka, akasema bahari imepanda bara.

Tuliliweka sebuleni karibu na dirisha, ili Mama alitazame anapoleta uradi. Hapo tulikosea. Jua la Voi haliombi ruhusa kuingia, na vumbi letu jekundu huingia pamoja nalo. Haukupita mwezi wa pili, kioo kikavaa utando wa hudhurungi, kisha mawe yakaota nyuzi za kijani ndefu kama nywele. Nikizing'oa Ijumaa, Jumatatu zimerudi.

Nilikwenda katika duka moja la vifaa vya samaki nikauziwa chupa ya dawa. Nyuzi zilikufa kweli. Konokono wetu wote walikufa pia, na kamba wawili ambao watoto walikuwa wamewapa majina. Niliisoma karatasi ya dawa baada ya msiba: ndani yake mna shaba, nayo shaba, hata ikiwa kidogo, ni sumu kwa konokono na kamba. Nilikuwa nimewaua wale wale waliokuwa wakiula mwani. Na mwani uliokufa ukaozea humo humo, ukawa mbolea ya mwani mwingine.

Usiku ule sikupata usingizi. Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Najua pia kisa cha mtoto Abu Umayr na kindege chake, ambacho wanazuoni wamekitolea hoja kwamba kufuga kiumbe kwa wema kunaruhusiwa. Lakini samaki wa matumbawe aliyeletwa Voi, akichafukiwa na maji, atakimbilia wapi?

Basi niliacha kuuliza nini kinaua mwani, nikauliza unakula nini. Mwani, kama mchicha wa uani, hutaka mwanga na mbolea. Mwanga tulikuwa tumeupa wa kutosha. Mbolea hutokana na kinyesi cha samaki na chakula kisicholiwa: kikioza hutoa naitreti na fosfeti, na hivyo ndivyo nyuzi zile zilivyonawiri. Siku moja niliketi jikoni, mlango wazi, nikahesabu. Mama aliwalisha baada ya Alfajiri. Akawalisha wakati wa Dhuha, tena kabla ya Adhuhuri. Kila alipomkumbuka Baba alichota chembe kidogo kwa vidole, akainama, akazungumza nao kwa sauti ya chini. Kufikia Magharibi nilikuwa nimehesabu mara saba, bila ya zile za watoto.

Nilikaa na neno hilo kinywani siku mbili. Utamwambiaje mjane aache? Mwishowe, tukichambua mchele, nilimwuliza, "Mama, Baba alikuwa akiwalisha mara ngapi?"

Alinyamaza kitambo. "Mara moja, baada ya Alasiri. Na mimi nikizidisha alinigombeza." Kisha akasema, "Mwanangu, mkono ulitaka kazi."

Kazi ilikuwepo tele. Tangi tulilihamishia ukutani mbali na dirisha. Mama akapewa mswaki mpya wa kusugulia mawe na mpira mwembamba wa kufyonzea uchafu wa chini. Akajifunza pia jambo ambalo hata mimi nilikuwa nikilikosea: maji yakipungua kwa joto, chumvi haiondoki, hubaki. Lita moja ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Ukijazia pengo hilo kwa maji ya bahari unazidi kuyatia ukali. Hujaziwa maji matamu. Ya mfereji wetu huacha tabaka jeupe ndani ya birika la chai, kwa hiyo tunatumia ya mvua, tukiyaacha ya mwanzo yaoshe vumbi la bati kabla ya kukinga. Maji ya bahari yenyewe hubadilishwa lita 12 kila wiki mbili. Mpwa wangu huyateka bahari ikijaa, mbali na mitaro, na kuyatuma kwa basi.

Pamoja na madumu ya kwanza, binamu yangu wa Kwale alituma fumba la mwani mpana laini, mithili ya majani ya saladi. Nilidhani ananikejeli. Kumbe mwani huu hugombea mbolea ile ile na zile nyuzi. Ukikua, unaupunguza kwa mkasi na kuutupa, na mbolea imetoka nao. Tumeuzungushia wavu pembeni, maana kitatange angeumaliza kwa siku mbili. Huko Kibuyuni, wanawake hupanda mwani wa aina nyingine baharini wakauuza na kutengenezea sabuni, nami nilikuwa natumia fedha kuulaani.

Ilichukua miezi mitatu. Hatukupata kioo cheupe kabisa. Nyuma ya tangi pamebaki kiraka cha kijani, na konokono wapya wanakitunza. Watoto wamekatazwa kulisha, ingawa mdogo nimemfuma mara mbili.

Jana kabla ya Alasiri nilimkuta Mama ameketi mbele ya tangi, mikono mapajani, kopo la chakula limefungwa kando yake. Alikuwa akiwasimulia samaki juu ya mvua iliyonyesha usiku. Kitatange alikuwa amesogea hadi kwenye kioo. Mama akamwambia, "Subiri, bado hakujaadhiniwa."