Puto la Kupimia Hewa ya Juu

Mwaka mmoja, mwezi wa Machi, tulikuwa tumeanika mahindi uani mwa shule, ndiyo chakula cha mchana cha wanafunzi. Jumatatu jua lilikuwa kali, na mawingu meupe yakaanza kuota juu ya vilima kama uyoga. Nikaogopa mvua, nikaamuru mahindi yaingizwe ndani. Wanafunzi wakayabeba kwa jasho jingi. Lakini ilipofika jioni mawingu yalikuwa yamekwisha kuyeyuka, wala halikuanguka tone.

Kesho yake jua likawaka vile vile, mawingu yakaota vile vile. Nikasema, "Yaacheni, haya ni kama ya jana." Saa tisa ngurumo zikalia, mvua ikashuka kwa nguvu, na maji yakachukua nusu ya mahindi mpaka bondeni.

Msichana mmoja wa darasa la sita akaniuliza, "Mwalimu, mbona wingu la jana lilikufa na la leo limekua?" Miaka mingi nalikuwa nikifundisha kwamba jua hupasha nchi joto, hewa hupanda, na mvuke hugeuka wingu. Nikaona ya kuwa jibu sina.

Wakati wa likizo nalikwenda Nairobi, katika kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti, nikaruhusiwa kutazama puto likirushwa. Puto hilo hujazwa gesi nyepesi kuliko hewa, na chini yake huning'inia kijisanduku kwa kamba ndefu. Kijisanduku hupima joto, unyevu na uzito wa hewa, kikapeleka habari chini kwa redio. Hupanda kama meta 300 kila dakika. Kadiri hewa inavyozidi kuwa nyembamba, puto huzidi kufutuka, hata likapasuka, mara nyingi kwenye kimo cha kilometa 30 hivi. Mfaransa Robert Bureau alirusha chombo cha namna hii mwaka 1929. Kabla ya hapo wataalamu walingoja chombo kianguke, kisha kiokotwe mashambani, ndipo wasome kilichoandikwa ndani.

Yule bwana aliyenipokea akaniambia, "Mwalimu, usiitazame hewa inayopanda peke yake. Itazame na ile inayoizunguka." Kumbe hilo ndilo nalolisahau!

Niliporudi nikachora ubaoni. Tufanye fungu la hewa lenye digrii 28 linaondoka chini. Likipanda hupoa kama digrii 10 kwa kila kilometa; basi kwenye kilometa 1 lina digrii 18. Tuseme hapo mvuke wake unaanza kuwa matone, ndilo wingu. Mvuke ukigeuka maji hutoa joto, kwa hiyo tangu hapo fungu letu hupoa polepole zaidi, tuseme digrii 5 kwa kilometa. Kwenye kilometa 2 litakuwa na digrii 13.

Sasa twauliza puto: hewa iliyoko huko ina joto gani? Likijibu digrii 15, fungu letu ni baridi kuliko jirani zake, tena zito. Haliendelei, na wingu hubaki fupi. Likijibu digrii 11, fungu letu ni jepesi, litaendelea kupanda. Na kama ni vivyo hivyo kilometa baada ya kilometa, wingu hurefuka hata kuwa la radi. Chini jua ni moja siku zote mbili. Tofauti iko juu, mahali ambapo jicho halioni.

Msichana yule akatazama ubao, akasema, "Lakini, Mwalimu, hewa kavu ya kando ikiingia ndani ya wingu je?" Swali zuri mno! Ndivyo inavyotokea: hukausha matone, wingu likapoa na kudhoofu. Hesabu yetu ya ubaoni haina jambo hilo. Wataalamu hulitia katika hesabu zao kubwa kwa kompyuta, na hata hivyo hukosea mara kwa mara. Tena vituo vingi hurusha puto saa tisa usiku na saa tisa alasiri kwa saa zetu, na katikati ya saa hizo hewa hubadilika.

Siku hizi mahindi tunayaanika juu ya turubai, hatua kumi tu kutoka mlango wa ghala.